MWACHE ASEME MWENYEWE

Niko hapa Ndabibi. Mahindi yamefika magotini, asubuhi Eburru imejifunika ukungu, na sisi tu hai kwa neema ya Mungu.

Leo sikuletei mahubiri marefu. Nakuletea ungamo. Mama mchungaji amelisoma neno kwa neno kabla sijaliweka hapa, na mahali pawili alinirudisha nyuma akisema, "Hapa umejipendelea." Nikaandika upya. Kwa hiyo unachosoma kina ruhusa yake.

Fungua 1 Samweli sura ya 1 na Marko sura ya 5, uziache wazi. Tutafika huko.

Tangu akiwa msichana wa shule, mke wangu huumwa sana akiwa katika siku zake. Siku mbili au tatu kila mwezi hawezi kusimama wima. Hutapika. Maumivu humshika kiunoni yakashuka hadi mapajani, na hata kwenda haja huwa mateso. Miaka yote ya ndoa yetu nimemwona akijikunja kitandani na chupa ya maji moto tumboni, halafu Jumapili anasimama mbele ya akina mama kufundisha. Alipewa dawa za minyoo, za amiba, za vidonda vya tumbo, za maambukizi ya mkojo. Wako waliosema ni laana ya ukoo. Nami niliitisha mfungo mara mbili.

Jina la ugonjwa tulilipata kwa njia ya msiba. Tarehe 3 Juni 2024 alifariki Njambi Koikai, yule mtangazaji wa reggae ambaye Wakenya walimjua kama Jahmby. Alikuwa na umri wa miaka 38. Endometriosisi ilikuwa imefika hadi kifuani mwake, pafu likawa linasinyaa mara kwa mara, na mwaka wa 2018 alikwenda Atlanta, Marekani, kufanyiwa upasuaji. Aliporudi hakunyamaza. Aliwasemea wanawake wengine wenye ugonjwa huo hadi mwisho. Redio ilipokuwa ikieleza mateso yake, mke wangu aliacha kuchambua maharagwe, akaongeza sauti. Habari zilipoisha akaniambia, "Baba, huo ndio ugonjwa wangu."

Kwa wasioujua, ni hivi. Nyama laini inayofanana na ile ya ndani ya mfuko wa uzazi humea mahali pasipo pake: kwenye ovari, kwenye mirija, nyuma ya mfuko wa uzazi, kwenye matumbo, na mara chache hadi kifuani. Huchochewa na homoni za kila mwezi. Huvimba, huleta makovu, na wakati mwingine hugandamanisha viungo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa anao, yaani wanawake na wasichana wapatao milioni 190 duniani. Jirani zetu Tanzania walimsikia Millen Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001, akisimama hadharani kueleza mateso yake. Ukiwa na akina mama mia moja kanisani kwako, hesabu mwenyewe.

Tulikwenda Nakuru kumwona daktari wa akina mama. Alimsikiliza, akampima kwa mashine ya picha, akakuta uvimbe kwenye ovari uliojaa damu nzito ya zamani. Akatueleza kwamba upasuaji upo, lakini kwanza angependa kutuliza ugonjwa kwa homoni. Akamwandikia sindano ya kila miezi mitatu, ileile ambayo wanawake wengi huipata kwa ajili ya kupanga uzazi. Ingeweza kudungwa karibu na nyumbani.

Mke wangu akapanga foleni pamoja na akina mama wengine. Jumapili hiyo kanisani kulikuwa na minong'ono kwamba mama mchungaji anapanga uzazi na ana mtoto mmoja tu. Hilo nalo alilibeba.

Sasa sikiliza kosa langu.

Siku ya sindano ya kwanza, hata saa mbili hazijaisha, alianza kujikuna. Mikono na tumbo vilitoka mabaka yaliyovimba, kama mtu aliyepita kwenye upupu. Mdomo wa juu ulivimba kidogo. Akasema kifua kimebana. Mimi nilikuwa naandaa kesha la Ijumaa. Nikamwangalia, nikasema, "Ni vumbi. Au ni yale maharagwe." Tulikuwa na Piriton nyumbani, akameza. Asubuhi mabaka yalikuwa yamekwisha.

Akaniambia, "Mwili wangu umeikataa hii dawa."

Nilimjibu kama mchungaji, na hapo ndipo nilipoharibu. Nilimwambia kwamba miaka yote tumeomba Mungu afungue mlango, sasa mlango umefunguka na adui anamtia hofu asiingie. Nilimpa mstari wa Biblia. Mpendwa, mstari ulikuwa wa kweli. Niliutumia kumnyamazisha.

Miezi mitatu ikapita. Alisema mara mbili kwamba hataki kurudi. Nilimpakia kwenye pikipiki nikampeleka mwenyewe. Muuguzi alimuuliza, kama wanavyouliza wote, "Ile ya kwanza ilikuwaje? Ulikuwa sawa?" Kabla mke wangu hajafungua kinywa, nikajibu mimi: "Alikuwa sawa kabisa, sista. Tunamshukuru Mungu."

Mahali pawili aliponirekebisha, hapa ndipo pa kwanza. Nilikuwa nimeandika kwamba "tulijibu." Akasema, "Mimi sikujibu."

Alidungwa. Tulikuwa bado hatujafika langoni nilipohisi mkono wake umeng'ang'ania bega langu. Nikageuka. Midomo ilikuwa imevimba, macho yamekuwa mekundu, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Alisema neno moja: "Sipumui." Akaanguka.

Nilipiga magoti pale kwenye changarawe nikaanza kukemea kwa sauti. Nilikemea mauti, nilikemea kila roho niliyoijua kwa jina. Yule muuguzi akaja mbio na sindano mkononi, akanisukuma kando kwa kiwiko, akamdunga pajani kupitia kwenye nguo. Akamlaza chali, akainua miguu yake juu ya mfuko wa simenti uliokuwa pale. Akaniambia bila kuniangalia, "Pasta, omba ukiwa kule."

Niliomba nikiwa kule. Sijawahi kuomba hivyo. Baada ya dakika chache nilisikia pumzi yake ikirudi, kwanza ikipiga filimbi, kisha ikatulia. Walimpa dripu, wakamzuia hapo kisha wakamhamishia hospitali kubwa alale usiku huo, kwa sababu hali hiyo huweza kurudi saa kadhaa baadaye hata mtu akionekana amepona.

Jioni yule muuguzi aliuliza tena, polepole: "Mama, ile sindano ya kwanza haikukufanya kitu?"

Mke wangu alinitazama. Kisha akasema, "Ilinifanya. Nilimwambia pasta."

Mpendwa, nimesoma chuo cha Biblia. Nimehubiri mikutano kutoka Maiella hadi Kongoni. Hakuna mahubiri yaliyowahi kunichoma kama maneno hayo.

Usiku ule nikiwa kwenye benchi nilimkumbuka Eli. Hana alikuwa hekaluni akimwaga moyo wake mbele za Mungu, midomo ikitikisika, sauti haisikiki. Eli, kuhani, mzee wa kazi, aliketi hapo karibu akimtazama kinywa chake. Akamaliza kesi kichwani: huyu amelewa. Tazama vizuri. Eli hakuwa mtu wa mtaani asiyejua mambo ya Mungu. Alikuwa kwenye kiti cha huduma, na kiti hicho kilimfanya ajione anajua kabla hajauliza.

Lakini Eli ana jambo moja jema, nalo ndilo nililoshika. Hana alipomwambia, la, bwana wangu, mimi ni mwanamke mwenye huzuni, Eli hakubishana. Alikubali amekosea. Akageuza maneno yake yakawa baraka. Alfajiri nilimwomba mke wangu msamaha. Alinyamaza kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Kuanzia leo nikiulizwa, nijibu mimi."

Sasa nikueleze tulichofundishwa, maana ujinga wangu karibu utuzike mtu.

Dawa za homoni zina maudhi mengi ya kawaida: joto la ghafla, kichwa kuuma, uzito kuongezeka, hedhi kuvurugika, moyo kuwa mzito. Hayo yanasumbua na yanafaa kuambiwa daktari, lakini si mzio. Mzio, ambao wengi tunauita aleji, ni askari wa mwili kukosea na kuichukulia dawa kama adui. Dalili zake ni mabaka yanayowasha, kuvimba midomo, ulimi au uso, kifua kubana na kupiga filimbi, kutapika ghafla, kizunguzungu, kuzirai. Zikishika pumzi au zikiangusha presha, madaktari huita anafilaksisi. Mzio mkali kwa homoni hizi ni nadra, na wanawake wengi sana huzitumia bila shida. Usitupe dawa yako kwa sababu ya chapisho langu. Lakini nadra haina maana ya haiwezekani, na mara nyingine hutanguliwa na onyo dogo. Sisi tulipewa onyo, mimi nikaliita vumbi.

Tulijifunza pia kwamba si lazima kinachokataliwa kiwe homoni yenyewe. Wako wanawake wachache ambao mwili wao hugombana hata na projesteroni yao wenyewe, wakatoka mabaka kila mwezi kabla ya hedhi. Lakini dawa huchanganywa na vitu vingine. Sindano kama ile ya mke wangu ina makrogoli na polisobeti. Kuna vidonge vya projesteroni vilivyotengenezwa kwa mafuta ya karanga, na kuna sindano za projesteroni zilizochanganywa na mafuta ya simsim. Mtu anayevimba akila karanga anapaswa kulisema hilo hata anapotibiwa tumbo.

Jambo lingine: kidonge kikikuletea mabaka madogo, daktari anaweza kukisimamisha leo na kesho hunywi. Sindano ya miezi mitatu ikishaingia, hakuna wa kuitoa. Ndiyo maana swali la muuguzi lilikuwa na uzito kuliko nilivyodhani, na jibu langu la haraka lilikuwa la hatari.

Tuliuza mtamba mmoja, kanisa likatuchangia, tukaenda Nairobi kwa mtaalamu wa mzio. Alimpima kwa matone madogo sana ngozini, hatua kwa hatua, dawa za dharura zikiwa mezani. Iligundulika ni makrogoli. Na makrogoli iko kwenye dawa nyingi: vidonge kadhaa, dawa za kusafisha matumbo kabla ya kipimo, hata baadhi ya chanjo. Kwa hiyo kumwamini kulimkinga na mambo mengine ambayo hatukuyajua. Pia kulimfungulia njia, kwa sababu daktari alimtafutia kidonge cha homoni kisicho na kitu hicho, akakinywa mara ya kwanza akiwa hospitalini chini ya uangalizi. Mwili ukakipokea. Baadaye alifanyiwa upasuaji wa matundu madogo tumboni, uvimbe ukaondolewa.

Utaniuliza, je, amepona? Hapa ndipo pa pili aliponirekebisha. Niliandika "amepona kabisa, haleluya." Akafuta. Akasema, "Andika nina nafuu." Ana nafuu. Kuna miezi anafanya kazi zake zote, na kuna mwezi bado anajikunja. Hatujapata mtoto wa pili. Tunaomba, na tunanywa dawa, na hatuoni aibu kwa lolote kati ya hayo mawili.

Njoo sasa Marko 5. Mwanamke ametokwa damu miaka kumi na miwili. Marko hafichi kitu: anasema aliteswa mikononi mwa waganga wengi, akamaliza mali yake yote, na badala ya kupata nafuu hali yake ikazidi kuwa mbaya. Biblia inakubali kwamba matibabu yanaweza kumuumiza mtu. Haimwambii mwanamke yule kwamba hakuwa na imani ya kutosha kwa waganga wake.

Na Yesu alikuwa na haraka siku hiyo. Jairo yuko kando yake, binti yake anakata roho. Umati unasukumana. Nguvu imekwisha kumtoka, mwanamke amekwisha kupona. Angeweza kuendelea na safari. Lakini alisimama akauliza ni nani aliyemgusa. Wanafunzi walishangaa. Yeye akangoja mpaka yule mama akaja akitetemeka, akaanguka mbele yake, akamweleza ukweli wote. Ukweli wote, mpendwa. Miaka kumi na miwili haisimuliwi kwa dakika moja. Bwana wa uzima alimsikiliza mpaka mwisho, Jairo akingoja, kisha akamwita binti.

Mimi nilikuwa nakimbilia kesha. Sikusimama.

Kwa hiyo nakuomba mambo machache.

Wewe mume, mke wako akisema dawa imemkataa, mwulize: ilianza lini, ulionaje, ilichukua muda gani? Piga picha za mabaka kwa simu kabla hayajaisha. Andika jina la dawa na tarehe. Mkifika kliniki, mbebee mkoba, lakini usimbebee kinywa.

Wewe dada, usiogope kuonekana msumbufu. Kabla ya sindano yoyote sema kilichotokea mara iliyopita, hata kama kilikuwa kidogo. Baada ya sindano usikimbilie matatu. Keti hapo nusu saa. Ukianza kuvimba au kukosa pumzi, paza sauti. Dawa ya kwanza ni adrenalini, hudungwa kwenye msuli wa paja. Piriton hupunguza kuwasha lakini haiwezi kukuokoa pumzi ikikatika. Lala chali miguu ikiwa juu, au keti kama kupumua ni kugumu, na usisimame wala kutembea hadi uambiwe. Adrenalini ya kutembea nayo mkobani si kitu utakachokipata kwenye kila duka la dawa huku kwetu, kwa hiyo jua kituo kilicho karibu nawe na ukifikie mapema.

Mkipatwa na jambo kama hili, mwombe mhudumu aliripoti kwa Bodi ya Dawa na Sumu, ile ya kitaifa. Ina fomu ya manjano kwa ajili ya madhara ya dawa, na ina kadi ya tahadhari ambayo mgonjwa hutembea nayo. Kadi ya mke wangu iko ndani ya Biblia yake, na nyingine iko kwenye pochi yangu.

Wewe mchungaji mwenzangu, weka mikono juu ya wagonjwa, omba kwa imani, kemea. Sijaacha. Lakini usiwe Eli wa mwanzo wa sura. Mtu akikuambia dawa imemuumiza, usimpe mstari kabla hujamaliza kumsikia. Na ukiwa na akina mama kanisani, waambie jina la ugonjwa huu waziwazi, bila kunong'ona, ili binti wa miaka kumi na minne anayezimia shuleni ajue kwamba maumivu ya namna hiyo yanatakiwa kupelekwa kwa daktari.

Jumapili iliyofuata baada ya yeye kutoka hospitalini, nilisimama madhabahuni nikasema mbele ya kanisa kwamba nilimjibia mke wangu na nusura nimzike. Kisha nikashuka, nikampa kipaza sauti. Alizungumza kwa dakika arobaini. Sikuhubiri siku hiyo. Baada ya ibada akina mama saba walibaki nyuma kuzungumza naye, na mmoja wao alikuwa yule aliyeanzisha minong'ono.

Tuombe.

Baba katika jina la Yesu, tusamehe sisi tulioketi kwenye viti vya huduma tukawahukumu watu wako kabla ya kuwauliza. Mkumbuke kila mwanamke anayesoma haya akiwa na chupa ya maji moto tumboni. Mkumbuke aliyepewa dawa ya kumponya ikageuka kuwa tishio. Mpe daktari mwenye subira, muuguzi mwenye mkono mwepesi, na nyumbani mpe mtu wa kumwamini. Wakumbuke jamaa wa Njambi na wote waliozika binti zao kwa ugonjwa huu. Nasi utupe masikio. Amina.

Ukiwa umeguswa, andika AMINA hapo chini. Lakini kabla ya hapo, weka simu chini kidogo, umwendee mama, mke, dada au binti yako, umuulize anaendeleaje. Kisha nyamaza, umwache aseme mwenyewe.